Kisu Kisicho na Kituo

Wiki tatu zilizopita simu yangu ililia nikiwa nachambua dengu, na sauti ya mwanamke nisiyemfahamu ikauliza kama hapo ni kwa Thubeda. Niliweka ungo chini. Jina langu ni Zubeda, na maishani mwangu ni mtu mmoja tu aliyeshindwa na ile herufi ya mwanzo, kwa kuwa Kikuyu chake hakikuwa nayo. Yule mwanamke akasema yeye ni binti wa Nyambura, kwamba mama yake amefariki, na kwamba mazishi ni Alhamisi nyumbani kwao Mwiki. Nilikwenda. Niliketi chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, bibi mzee wa Kihindi peke yangu katikati ya akina mama wa kanisa waliovaa vitambaa vyeupe, wakanipa chai na mkate. Mmoja wao akaniinamia kwa upole kama kwa bibi yake akaniuliza, "Marehemu mlijuana wapi, cucu?" Nikasema, "Kazini." Yeye akaridhika, mimi sikuridhika. Tangu siku hiyo nimeketi na daftari mezani kila asubuhi nikijaribu kumjibu vizuri yule mama, na kila nikianza najikuta nimerudi kwenye mwaka ule mmoja wa hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na Nyambura ishirini na miwili.

Duka letu lilikuwa Thika, kwenye mtaa wa maduka ya Wahindi. Mbele tuliuza sufuria, kufuli, misumari na vioo vya taa. Nyuma, ukivuka pazia la kijani, ilikuwa karakana ya baba: jiliwa la kubania vyuma lililofungwa kwenye meza nzito, tupa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, jiko la makaa, na jiwe la kunolea linalozungushwa kwa mguu. Chumba kile kilinuka mafuta ya mashine na pembe ya ng'ombe iliyoungua, na kuanzia saa nne harufu ya vitunguu vya mama ilipenya kutoka jikoni ikachanganyika na hizo mbili. Mpaka leo nikikaanga vitunguu pua yangu inaitafuta ile harufu ya pembe, haiipati, na kwa dakika moja nzima nakosa raha bila kujua kwa nini. Baba alikuwa fundi wa visu vya kukunja, vile vya kutia mfukoni, na watu walivileta kutoka mashamba ya katani na ya kahawa. Lakini mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yake yote mawili. Vidole vyake vilijua kila kitu bado, ila fundi wa chuma anahitaji macho kwa jambo moja asiloweza kulikwepa: rangi ya springi ya kisu ikiwa motoni, maana ndiyo inayosema ugumu wake. Basi akaniita nimsomee rangi.

"Imefika wapi?"

"Kama asali."

"Ngoja."

"Sasa kama bilinganya."

"Toa! Toa haraka, beti!" Ndivyo alivyoniita, beti, binti.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Baada ya miezi michache nilikuwa nafanya yote mwenyewe, baba akikaa mbele kupokea wateja na kuzungumza nao kuhusu kazi kana kwamba ameifanya yeye. Tulikubaliana, bila kukubaliana kwa maneno, kwamba mtu asijue. Nani angempa msichana kisu chake amtengenezee?

Kisu cha kukunja ni kitu rahisi. Kuna bapa, kuna mpini, na kuna springi iliyolala mgongoni mwa mpini. Kisigino cha bapa, ile ncha yake iliyo ndani ya mpini, kinakanyaga ile springi, na jinsi ulivyokichonga hicho kisigino kwa tupa ndivyo kisu kitakavyotembea. Ukikichonga kiwe na pembe kama kona ya sanduku, bapa likifika katikati ya safari yake linasimama wima, tak, mpaka ulisukume tena. Hicho baba alikiita kituo. Ukikizungusha kisigino kama ukucha, bapa linakwenda moja kwa moja bila kusimama, na hiyo tuliita mteremko. Kulikuwa pia na visu vyenye komeo, ambavyo vikishafunguka havifungi mpaka ubonyeze mahali, lakini mwaka ule baba hakutaka hata kuvigusa, kwa sababu vilifanana mno na silaha. Kila mteja alikuwa na lake. Seremala Singh wa duka la pili alitaka kituo kigumu cha kufunguliwa kwa vidole gumba viwili. Karani mmoja wa katani alipenda mlio tu, alikuwa akifungua na kufunga masikioni mwake kama anayesikiliza saa. Baba mwenyewe hakuwa na mjadala: kisu lazima kimpe mtu nafasi ya kutoa kidole. Hakuna kisu kilichotoka dukani kwake bila kituo, na mimi niliamini hivyo hivyo, kwa sababu sikuwahi kuamini kitu kingine.

Nyambura alifanya kazi kwenye kitalu cha shamba moja la kahawa huko Ruiru. Kazi yake ilikuwa kubebesha miche: anakata kikonyo cha mti mzuri, anapasua shina la mche, anavipachika pamoja na kuvifunga kwa uzi wa mgomba mpaka vishikane. Wenzake walisema hakuna mwenye mkono mwepesi kumshinda. Kila Jumamosi alikuja Thika kwa lori la shamba, na kikapu cha visu kumi na vinne vya kunolewa na barua ya karani iliyomruhusu kutoka, maana Mkikuyu bila barua hakwenda mbali mwaka ule. Alikuwa amekuja mara kadhaa nikimsikia sauti tu. Siku tuliyoonana alikuwa amesimama mbele ya baba, anafungua na kufunga kisu kimoja.

"Fundi, hii kazi si yako."

"Si yangu namna gani?"

"Mkono yako naijua. Zamani hizi visu zilikuwa zinafunga na hasira. Siku hizi zinafunga pole pole, kama mtu anafunga mlango na mtoto amelala. Nani ako huko nyuma?"

"Hakuna mtu," baba akasema, na mimi nyuma ya pazia nikaishusha tupa mezani isitoe mlio.

Pazia likafunuliwa. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania kwa sauti, na kitambaa cha maua kichwani. Alinitazama, akatazama unga wa chuma mikononi mwangu, halafu akacheka kwa furaha ya mtu aliyeshinda dau.

"Ni msichana!" akasema. "Ni msichana kama mimi!"

Hakumwambia mtu. Lori lilirudi Ruiru saa tisa, na kuanzia siku hiyo masaa yote ya kulisubiri aliyakaa kwenye debe lililopinduliwa karibu na jiliwa langu. Mama alituletea chapati na dengu, na achari ya embe iliyomfanya Nyambura afumbe jicho moja. Yeye alileta viazi vitamu vya kuchoma vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, bado vina joto kidogo. Jikoni kwetu palikuwa na kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu kilichotundikwa msumarini peke yake, kwa ajili ya Waafrika waliotuletea kuni na maziwa, na chai ya Nyambura ilikuja ndani ya kikombe hicho. Jumamosi ya tatu au ya nne nilikunywa humo kabla yake, mama akiniona. Alikiosha, akakirudisha msumarini, na jioni nikawasikia yeye na baba wakizungumza kwa Kipunjabi upande wa pili wa ukuta.

"Yule msichana anafanya nini huko nyuma siku nzima?"

"Anasubiri visu."

"Visu kumi na vinne haviishi?"

"Zubeda anacheka," baba akasema. "Umesikia lini akicheka?"

Tulibishana kuhusu kituo tangu mwanzo. Nyambura hakukipenda, na hakusema tu, alionyesha. Alichukua tawi la mpera uani, akafungua kisu kwa kidole gumba, akakata, akakifunga kwa kukigandamiza pajani, na kila mara bapa lilipofika katikati na kusimama uso wake ulikunjamana kama mtu aliyekatizwa usemi.

"Unasikia? Inaniuliza swali katikati ya kazi."

"Inakuuliza kama kidole kimetoka."

"Kidole yangu naijua iko wapi. Nafungua na kufunga mara mia tano kwa siku, Thubeda. Mara mia tano inaniuliza hiyo swali moja!"

Nikamwambia nitamtengenezea chake, cha mteremko, kwa siri. Hata leo sijui kama nilitaka kumpendeza au nilitaka kufanya kwa mara ya kwanza kitu ambacho baba hakunifundisha. Nilichukua pembe kutoka kwa wachinjaji, nikaichemsha na kuinyoosha, nikazungusha kisigino cha bapa kidogo kidogo kwa tupa laini kabisa. Kikapendeza. Jumamosi akakijaribu uani, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu bapa likamponyoka likafunga juu ya kidole chake cha shahada. Damu ilimwagika mpaka kwenye kiwiko. Yeye ndiye aliyenituliza mimi, akikaza kidole chake kwa kipande cha pazia letu.

"Baba alisema," nikawa narudia huku nalia. "Baba alisema!"

"Nyamaza. Si mteremko ndiyo mbaya. Springi yako imelegea. Ongeza nguvu."

Alikuwa sahihi. Kwenye kisu chenye kituo ile kona inasaidia kulishika bapa, lakini mteremko hauna msaada mwingine ila springi yenyewe, nguvu ile ile mwanzo, katikati na mwisho. Nilizivunja tatu. Ya nne niliisoma rangi yake motoni kwa umakini ambao sijawahi kukipa kitu chochote baadaye, hata watoto wangu nikiwaangalia homa. Nyambura alipokipokea alifumba macho, akafungua na kufunga polepole karibu na shavu lake, kidole bado kina kovu jekundu. "Sasa imenyamaza," akasema.

Kisu kile kiliishi kwenye saraka ya meza yangu, chini ya kitambaa. Shambani visu vya kazi viligawiwa asubuhi na kukusanywa jioni, kimoja kimoja, na Mkikuyu kukutwa na chake chumbani halikuwa jambo dogo. Tulilijua hilo sote wawili bila kulitaja. Kwa hiyo kilikuwa cha Jumamosi. Kwa kisu hicho alinifundisha kubebesha kwenye mlimau wetu wa uani, akaupachika kikonyo cha mchungwa, na tulipoona chipukizi la kwanza alinishika bega akalitikisa. Tulizungumza mambo ya hovyo, ya nani kaolewa na nani kanenepa. Mara chache alinyamaza katikati ya mazungumzo, halafu akasema jina la mtu wa kitalu ambaye haonekani tena kazini, na mimi nikanyamaza naye. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine ambaye kimya chake sikukiogopa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia, Jumamosi moja aliniomba kile kisu.

"Kikae hapa," nikamwambia. "Hapa kiko salama."

"Kitu yangu, kwa nini ilale kwako?"

"Unajua kwa nini."

"Najua. Kila kitu yangu imelala kwa mtu mwingine. Kipande yangu ya kutembea kwa karani, kisu ya kazi kwa nyapara, hata kikombe yangu iko kwa mama yako." Hakusema kwa hasira. "Hii moja nataka nilale nayo mimi."

Ningeweza kukataa. Nilifungua saraka nikampa, na ninavyomkumbuka ni jinsi alivyokitumbukiza ndani ya nguo kifuani, akapigapiga mara mbili juu yake, akachukua kikapu.

Jumatatu iliyofuata walikuja afisa mmoja Mzungu na askari wa kumtafsiria. Walikuwa wakipita kila duka la visu mtaani. Afisa akaweka kisu chenye mpini wa pembe mbele ya baba, na askari akasema kimeokotwa katika upekuzi kwenye nyumba za wafanyakazi Ruiru, je, ni kazi ya hapa? Baba alikichukua. Macho yake hayakuona kitu, lakini nilikiona kidole gumba chake kikipita juu ya mgongo wa mpini, kikafungua bapa taratibu, kikalifunga. Jikoni mama aliacha kuponda viungo.

"Si changu," baba akasema. "Uliza mtu yeyote Thika. Visu vyangu vina kituo. Hiki hakina."

Hakusema uongo hata kwa neno moja. Afisa akatikisa kichwa kukubali. Halafu askari akanigeukia mimi niliyesimama kwenye pazia.

"Na wewe? Kuna mwanamke anaitwa Nyambura, wa kitalu. Anakujaga hapa. Unamjua?"

Nimeipitia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya maisha yangu. Nimejiambia kwamba baba alikuwa karibu kipofu, kwamba duka lingefungwa, kwamba kusema namjua kusingemfungulia mlango wowote. Pengine yote ni kweli. Lakini sikuyafikiria hayo wakati ule. Wakati ule niliogopa tu, kwa ajili ya ngozi yangu mwenyewe, na jibu likatoka kabla sijalitafuta.

"Analeta kikapu tu," nikasema. "Simjui."

Wakaondoka. Chakula cha jioni kilipoandaliwa baba alikula kimya, na alipomaliza kunawa mikono alisema, akiwa ameelekea ukutani na si kwangu, "Ile springi uliipasha moto vizuri. Mimi nisingeweza kuifanya hivyo." Kwa mwaka mzima nilikuwa nimengoja neno kama hilo kutoka kwake, na likaja siku hiyo. Niliinuka nikaenda uani. Sikumlaumu wala simlaumu. Ila sikushika tupa tena kwa furaha, na mwaka uliofuata nilipoposwa na mwenye duka la vitambaa nilikubali haraka.

Jumamosi hakuja mtu. Visu viwili vya wiki iliyopita vilikuwa vimebaki kwetu vikisubiri springi mpya, basi nikavitia kwenye kikapu cha mama, nikamwambia mama naenda kwa mwanamke wa jirani, na Jumatatu nikapanda treni ya asubuhi kwenda Ruiru. Nilitembea kutoka stesheni mpaka kitaluni kwa viatu vya dukani vilivyonichubua, watu wakinitazama njia nzima. Karani alikipokea kikapu akashangaa sana kuniona. Nilipomuuliza Nyambura, alitazama kwanza kushoto na kulia.

"Walichukuliwa Jumapili ile nyingine. Wengi. Kwa malori."

"Wakapelekwa wapi?"

"Dada, mambo kama hayo hatuulizi."

Mwanamume mmoja kutoka magharibi, Wekesa, ambaye ndiye aliyepewa nafasi yake, alinionyesha mistari ya miche aliyoibebesha Nyambura chini ya kivuli cha nyasi. Ilikuwa mamia. Niliitambua kwa fundo la uzi wa mgomba, mizunguko mitatu na ncha imechomekwa chini. "Hii yote imeshika," Wekesa akasema. "Hakuna hata moja imekufa." Nilipiga magoti pale kwenye udongo mwekundu, nikajifanya natazama majani.

Nilimwona tena baada ya uhuru. Nilikuwa mama wa watoto wawili, nimekaa kwenye duka la mume wangu mchana, akaingia mwanamke mwembamba anayetafuta kitambaa cha sare ya shule. Tulitazamana muda mrefu. Kisha akalitamka lile jina langu kwa namna yake, tukashikana mikono juu ya meza ya kupimia vitambaa, hatukuweza kuachiana. Aliniambia ana mume, ana binti, wanaishi upande wa Ruiru. Ile miaka ya kambini aliisimulia kwa maneno machache, kama mtu anayetaja mvua za zamani. Mkono wake wa kulia haukukunjika sawasawa, na sikumuuliza kwa nini.

"Waliniuliza sana juu ya ile kisu," akasema. "Nani alitengeneza, nani alitengeneza. Kila siku hiyo moja."

"Ukasema nini?"

"Nikasema simjui. Nimenunua kwa mtu njiani, simjui." Akainua mabega. "Si wangekuchukua na wewe? Na baba yako na macho yake?"

Duka lilikuwa tupu, hakuna mteja hata mmoja wa kunisaidia.

"Na mimi waliniuliza," nikasema. "Walikuja dukani. Waliniuliza kama nakujua."

"Ukasema?"

"Nikasema simjui."

Alinitazama. Nilingoja, na nilikuwa tayari kwa lolote, na nilikuwa nimeshafungua mdomo nimweleze lilivyotoka lile neno na kwa nini. Lakini uso wake ulikuwa unafunguka polepole kwa furaha, ile ile ya siku alipolifunua pazia, na akaupiga mkono wangu kofi.

"Ũũi! Wewe pia!" akasema. "Angalia sisi! Mimi huko, wewe hapa, na hatukuwa tumepatana. Neno moja!" Akacheka mpaka akainamia meza, akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa nilichokuwa nimemkatia. "Tulikuwa wajanja, Thubeda. Tulikuwa wajanja sana."

Nikacheka naye.